Kitufe Kisikukoseshe Usingizi, Chebet

Kapsoya, Eldoret
Februari 2026

Mwanangu mpendwa Chebet,

Sote tu wazima. Nyanya yako, Kogo, anakusalimu sana; goti lake limetulia, na asubuhi anatoka mwenyewe kuota jua mbele ya nyumba. Babako amekwisha kulima shamba la chini, sasa anangoja mvua ya Machi apande mahindi. Kiprop wangu bado anaamka alfajiri kwenda mazoezini, na jinsi kiangazi kilivyo kikali mwaka huu, anarudi amejaa vumbi jekundu hadi nyusi. Mji nao unazidi kufurika tangu tulipopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Siku hizi mtu akitaka kuvuka Uganda Road saa za jioni sharti awe na subira.

Uliponipigia Jumapili nilisikia sauti yako imekauka. Uliniambia laptopu imekugomea: kila ukitaka kuipa jina faili ya mradi wako wa mwaka wa nne, alama ya mkwaju inajitokeza katikati ya jina, onyo linaruka kwenye skrini, na kazi haihifadhiki. Rafiki yako akakushauri umpelekee fundi abadilishe kibodi nzima, nawe ukaniomba nikuongezee pesa. Sijakataa, mwanangu. Lakini fanya kwanza haya niliyoyaandika, kwa utaratibu huuhuu. Nimeona afadhali barua kwa sababu maelekezo ya simu hupotea, ilhali karatasi utaiweka kando ya mashine uifuate hatua kwa hatua. Wenzako wa chumbani wakitaka kuisoma, wape. Mashine zao zina vitufe vilevile.

Barua hii inakuja na kifurushi, nimemkabidhi dereva wa matatu ya Kesses, huko chuoni kwako. Ndani kuna kibodi ndogo ya USB na flashi. Vyote viwili utavihitaji.

Wewe unajua kwamba vitufe ndivyo vilivyonilisha na kuwasomesha watoto wangu. Nilianza na taipureta, ambapo kila herufi ilikuwa chuma kinachonyanyuka kugonga utepe wa wino. Ukiharakisha, vyuma viwili vinanasana na unalazimika kuvitenganisha kwa vidole. Kisha zikaja kompyuta za DOS, na jina la faili likawa na sheria kali: herufi zisizidi 8, kisha nukta, kisha herufi 3 basi. Kumbukumbu za mkutano wa Machi ungeziita MKTMACHI.DOC na kuombea mwakani ukumbuke maana yake. Windows 95 ilipotoka mwaka 1995 tukaachiwa kuandika majina marefu yanayosomeka. Hata hivyo, alama kadhaa zilizokatazwa zamani zimekatazwa mpaka leo.

Nilipofungua duka la kuchapa na kutoa fotokopi pale mjini, nikaona jambo moja likijirudia. Mtu anakuja analalamikia kitufe, na ukichunguza, kitufe hakina hatia. Mwalimu mmoja alinijia na laptopu aliyotoka kuichukua kwa fundi. Alikuwa amelipia kibodi mpya, na bado akibonyeza alama ya @ ya barua pepe anapata alama za kufungulia usemi. Ile kibodi yake ya kwanza ilikuwa nzima kabisa. Kilichokuwa kimebadilika ni mpangilio wa lugha ndani ya Windows, jambo linalorekebishwa kwa vidole viwili. Pesa zake hazikurudi. Kutokana na watu kama yeye nimeshika kanuni moja, nami nakukabidhi wewe: jua kwanza kosa liko wapi, ndipo uguse mashine. Na kosa la namna yako lina mahali patatu pa kukaa: katika jina lenyewe, katika mipangilio, au katika kitufe. Tutaanza pale pasipogharimu kitu.

Kabla ya yote, okoa kazi yako. Akiba haiozi. Faili ambayo tayari ina jina haiulizwi jina tena. Ihifadhi kwa jina hilohilo, halafu inakili kwenye flashi. Kama ni faili mpya, Word yenyewe hupendekeza jina kutoka mstari wa kwanza wa maandishi. Likubali kwa kubofya na kipanya, bila kugusa kibodi. Jina litakuwa baya, lakini kazi itakuwa salama, na jina hubadilishwa siku yoyote. Jitumie na nakala nyingine kwa barua pepe. Usiendelee kusoma kabla hujafanya hivyo.

Sasa tazama jina lenyewe. Windows inakataa alama tisa katika jina la faili: mikwaju yote miwili, yaani / na \, pamoja na : * ? " < > na |. Haizikatai kwa ukaidi. Kila moja ina kazi yake nyingine tangu zamani. MS-DOS 2.0 ilipoleta folda mwaka 1983, mkwaju wa / ulikuwa umeshapewa kazi katika amri, kwa hiyo ule wa \ ukachukuliwa kutenganisha folda na folda. Nukta mbili hufuata herufi ya diski, kama C: unayoiona. Nyota na alama ya kuuliza husimama mahali pa herufi zisizojulikana unapotafuta faili. Ndiyo maana ukitia mkwaju ndani ya jina, kompyuta hudhani unaitaja folda, inaitafuta, haiioni, kisha inakuambia njia hiyo haipo.

Hebu angalia namba yako ya usajili wa chuo. Ina mikwaju, sivyo? Namba za vyuo vyetu vingi nchini ziko hivyo. Na mhadhiri akisema faili ianze kwa namba ya usajili, mwanafunzi anaiandika kama ilivyo kwenye kitambulisho, na kompyuta inagoma. Hapo hakuna kilichoharibika. Weka kistari mahali pa mkwaju na jina litakubaliwa. Tarehe nazo ni hivyo hivyo: 14/2/2026 haiwezi kuingia, lakini 2026-02-14 inaingia, tena kwa faida, kwa sababu ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, faili zako zitajipanga zenyewe kwa mfuatano wa wakati. Na rafiki yako akikuambia kwamba kwake majina yenye alama hizi yanapita, muulize anatumia mashine gani. Linux, kwa mfano, inaruhusu nyingi kati ya hizo tisa, ila mkwaju wa / nayo inaukataa. Faili yake ikifika kwako itakusumbua.

Kama jina lako halina alama hata moja ya hizo na mkwaju bado unaingia, nenda kwenye mipangilio. Laptopu yako ni HP tuliyoinunua ikiwa imetumika Uingereza, kama nyingi zinazouzwa hapa Eldoret. Itazame vizuri. Juu ya 3 utaona alama ya pauni, na Shift ya kushoto ni fupi. Kati ya hiyo Shift na Z pamechomekwa kitufe cha \. Kwenye kibodi za Kimarekani mahali hapo hapana kitufe, Shift imenyooka hadi Z. Mtu aliyezoea Shift ndefu akitaka herufi kubwa mwanzoni mwa jina, kidole chake cha mwisho kinatua kwenye \ bila yeye kujua. Ndani ya insha hutaona tatizo, utafuta na kuendelea. Kwenye jina la faili ndipo unaposimamishwa. Jipime hivi: andika jina zima kwa herufi ndogo, polepole, macho yakiwa kwenye vidole. Mkwaju usipotokea, basi dawa ni mazoezi. Sogeza mkono wa kushoto kidogo, na kwa herufi zinazoandikwa na mkono wa kushoto tumia Shift ya kulia, jinsi tulivyofundishwa sisi tangu taipureta.

Kisha chungulia pembe ya chini kulia ya skrini. Ukikuta ENG US na ENG UK zote zipo, kubonyeza Windows na kitufe cha nafasi kwa pamoja hukuhamisha kutoka moja hadi nyingine, na wengi huhama pasipo kukusudia. Hapo @ na " hubadilishana mahali, na " ni mojawapo ya zile tisa. Baki na ya UK ili kinachoandikwa kifanane na kilichochorwa kwenye vitufe, na ile nyingine uiondoe katika mipangilio ya lugha.

Pia hakikisha Sticky Keys imezimwa. Ukibonyeza Shift mara 5 mfululizo, Windows hukuuliza kama unataka kuiwasha, na mwenye haraka hukubali bila kusoma. Ikiwa Shift imeshikilia, iwe kwa mpangilio huo au kwa sababu kitufe chenyewe kimekwama, nukta inageuka kuwa >, 8 inageuka kuwa *, na mkwaju wa / unageuka kuwa alama ya kuuliza. Zote hizo haziruhusiwi. Mtu anaweza kulaumu vitufe vitatu, na mkosaji ni Shift peke yake.

Hayo yote yakipita na mkwaju bado unajiandika, basi tunakitazama kitufe. Washa kibodi ya kwenye skrini: bonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja. Fungua pia ukurasa mtupu wa kuandikia, kisha uondoe mikono yote miwili kwenye kibodi na utulie. Mikwaju ikijipanga mstari mzima bila wewe kugusa kitu, kitufe kimenasa, na kompyuta inaamini bado unakibonyeza. Jaribu pia nje ya Windows. Zima mashine, iwashe huku ukigonga Esc, kisha uchague F2; kwenye HP nyingi utapata ukurasa wa kupima vifaa, na kibodi imo. Ikikosea hata hapo, Windows haihusiki, maana haijawashwa bado.

Ile kibodi ya USB niliyokutumia ni kipimo pia. Ichomeke uandike jina lilelile. Likiandikika vizuri, na mkwaju ukatokea tu ukigusa kibodi ya laptopu, jibu umelipata. Mkwaju ukiendelea kujileta hata hujagusa chochote, ujue kitufe cha ndani kinatuma bado, kwa sababu kuchomeka kibodi ya nje hakuzimi ya ndani.

Sasa niambie kweli, na sitakugombeza: chai ilimwagika? Nauliza kwa sababu ya jinsi kibodi ilivyoundwa. Chini ya vitufe kuna karatasi za plastiki zilizobebana, zenye nyaya nyembamba zilizochorwa kwa urefu na kwa upana, kama mitaa ya mji inavyokatana. Kila makutano ni kitufe kimoja. Ukibonyeza, mtaa wa juu unagusana na wa chini, na kompyuta inajua ni njia panda ipi. Maji matupu hukauka. Chai yetu ya maziwa ikikauka inaacha sukari na mafuta, kitufe kinanata, au nyaya mbili zinaunganishwa mahali zisipotakiwa. Ndiyo maana ukiona vitufe kadhaa vya mstari mmoja vimeharibika kwa pamoja, usihangaike kusafisha kimoja kimoja. Shida iko kwenye karatasi ya chini. Na siku ikimwagika tena, usijaribu kwanza kuona kama inafanya kazi. Zima papo hapo, chomoa chaja, ifunue na kuipindua vitufe vikitazama chini, na uiache ikauke siku nzima au mbili. Usiizike kwenye mchele. Mchele hauondoi sukari, na vumbi lake ni mzigo mwingine.

Kama hakuna kilichomwagika, basi huenda ni vumbi la kiangazi hiki, na hilo unaliweza mwenyewe. Zima laptopu kabisa, chomoa chaja. Iinamishe, gonga mgongo wake taratibu. Mkebe wa hewa ya kupulizia utaupata kwa wauza vifaa vya kompyuta. Puliza kwa vipindi vifupi kuzunguka kitufe, huku ukikibonyeza mara kwa mara. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Kinachonata kisafishe kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo tu kwa alkoholi ya isopropili ya duka la dawa, ya asilimia 70 kwenda juu, uache ikauke kabla ya kuwasha. Usitie mafuta ya aina yoyote. Wala usikibandue kitufe kwa kisu. Chini yake kuna vikono vidogo vya plastiki, na vikivunjika, kitufe kilichokuwa kinasumbua kidogo kitakuwa hakishiki tena.

Jambo moja nakuamuru, si ushauri. Weka laptopu mezani uitazame kwa ubavu. Ikiwa imevimba katikati, au inayumba mezani kumbe zamani ilikaa sawa, au vitufe vimesukumwa juu, hiyo ni betri imefura. Izime, usiichaji tena, usiibonyeze irudi, usilale nayo kitandani. Hapo mpelekee fundi siku hiyohiyo. Kibodi inanunuliwa, mtoto wangu hanunuliwi.

Ikiwa kitufe kimekwama na mtihani uko mlangoni, kipo cha kukuvusha. Microsoft wanatoa bure programu iitwayo PowerToys, na ndani yake mna sehemu ya kusimamia kibodi. Humo unaweza kuagiza kitufe kimoja kisitende kazi. Kizime kile cha \, uendelee na mradi. Ila kumbuka haifanyi kazi kwenye ukurasa wa kuingilia, kwa hiyo mkwaju unaweza kujipenyeza kwenye nenosiri lako. Ukikataliwa kuingia, usidhani umelisahau. Tumia kibodi ya skrini iliyo pembeni ya ukurasa huohuo, ubofye kwa kipanya.

Hayo yote yakishindikana, basi ni fundi, nami nitakutumia pesa kwa moyo mweupe. Utakwenda ukiwa na la kusema: kitufe fulani kimekwama, nimepima nje ya Windows, nimesafisha, bado. Fundi mwaminifu atafurahi umempunguzia kazi, na asiye mwaminifu ataona huyu hababaishwi. Mwonyeshe namba ya modeli iliyo chini ya mashine, atafute kibodi inayolingana nayo, yenye mpangilio wa UK. Keti pale mpaka amalize. Usimwachie nenosiri lako, na usimwachie mashine yenye picha na kazi zako ilale kwake. Kabla ya kulipa, gonga kitufe kimoja baada ya kingine mpaka viishe, pamoja na Shift zote mbili, kisha uhifadhi faili moja kwa jina jipya mbele ya macho yake. Ichukue risiti, na kibodi ya zamani pia.

Mwanangu, najua mwaka wa nne unavyobana. Kila kitu kidogo kinaonekana kimetumwa kukuangusha, na mtu wa kwanza kutoa ushauri ndiye anayesikilizwa. Lakini dalili ya mvua ni mawingu: kitufe hakianzi kunasa siku ya kukabidhi mradi, kinaanza wiki kadhaa nyuma, kwa herufi inayojirudia mara moja, kisha mara mbili. Ukiiona dalili, simama uichunguze siku hiyo. Mambo mengine yatakayokujia, ya kazi na ya watu, utayapima vilevile. Usilipie dawa ya ugonjwa usiouona.

Kula vizuri, Kesses kuna baridi usiku. Kogo anasema usiache kuvaa sweta aliyokushonea. Nipigie Jumamosi jioni, uniambie kosa umelikuta wapi kati ya mahali pale patatu, na kama kazi yako iko kwenye flashi. Nitaanza kwa kuuliza hilo la flashi.

Mungu akulinde na akubariki.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,
Mama Kiprop